Mpira Upite kwa Senta, Usiishie Kwake

Mwalimu mmoja anayefundisha mpira wa kikapu shuleni, upande wa Luanda, magharibi mwa Kenya, ameniandikia hivi: "Nina kijana wa kidato cha tatu, futi sita inchi sita. Kila mtu ananiambia mpira wote umfikie yeye. Mechi tatu tumempa, mechi tatu tumechapwa. Anafunga vikapu vinne, anapoteza mpira mara kumi. Niendelee ama niache?"

Usiache, mwalimu. Ila unachokifanya sasa bado hakijawa kuendesha mashambulizi kupitia senta, yule mrefu wa kati. Unamtumia kijana mpira jinsi watu wanavyotuma mzigo kwa basi la usiku: ukishaandikiwa risiti umemaliza, mengine ni ya atakayeupokea. Wenzake wanne wanasimama mikono kiunoni wakitazama kama atafaulu. Walinzi watatu wanamrukia. Refa hapulizi. Mpira umekwenda. Jioni watu wanasema kijana ni mrefu bure.

Kupitia ni kupitia. Senta ni kama Ahero: magari ya Kisii, ya Kericho na ya Kisumu yote hupita pale, lakini wanaoshukia ni wachache. Mpira uingie kwake, utulie sekunde moja au mbili, kisha utoke ukiwa umewageuza walinzi wote shingo. Akiona ringi iko wazi, afunge mwenyewe, hakuna ubaya.

Tufanye hesabu ndogo kwa nambari zako. Tuseme kijana alishika mpira mara 20. Kumi alipoteza, kumi alirusha, vinne vikaingia. Hizo ni pointi 8 kwa mashambulizi 20, yaani 0.4 kwa kila shambulizi. Gadi wa kawaida, yaani mchezaji wa nje anayeuleta mpira, anayerusha kutoka mita nne na kupata vinne kwa kumi anakuletea 0.8, mara mbili ya mrefu wako. Ndiyo maana mnachapwa. Sasa chukua mipira saba kati ya ile kumi aliyopoteza. Tuseme badala ya kuipoteza aliipasi nje, na wenzake wakafunga mitatu tu. Zimekuwa pointi 14 kwa 20, yaani 0.7. Hujamfundisha kufunga hata kikapu kimoja zaidi. Umemfundisha kuachia mpira.

Hapo ndipo makocha wengi wa huku kwetu wanapokosea, na nitalirudia mpaka lisikike: senta huchaguliwa kwa mikono na macho kabla ya futi na inchi.

Najua vijana wanaona nini kwenye simu. Wanamwona Nikola Jokić wa Denver Nuggets, Mserbia aliyechaguliwa nambari 41 kwenye uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2014, ambaye amekuwa mchezaji bora wa NBA, ligi kuu ya Marekani, 2021, 2022 na 2024 na akachukua ubingwa 2023. Msimu wa 2024-25 wastani wake ulikuwa pointi 29.6, ribaundi (mipira iliyokosa anayoidaka) 12.7 na asisti (pasi zinazozaa kikapu) 10.2 kwa mechi. Tazama hiyo nambari ya mwisho, ndiyo inayofanya hizo mbili za mbele ziwezekane: mlinzi wa pili akija kumsaidia wa kwanza, mpira umeshaondoka. Hata Hakeem Olajuwon, kijana wa Lagos aliyeipa Houston Rockets ubingwa wa 1994 na 1995 akicheza chini kabisa karibu na ringi, alikuwa amezungukwa na warushaji wa mbali waliowalazimisha walinzi kuchagua. Na Shaquille O'Neal, kwa uzito wake wote, alichukua ubingwa mara tatu mfululizo na Lakers, 2000 hadi 2002, ndani ya mfumo wa pembetatu ambao mtu akishatoa pasi kwenda posti, nafasi ya mchezaji aliye karibu na ringi, lazima akate, yaani akimbie kuwapita walinzi, hasimami.

Lakini kuna jambo moja ambalo video hazikuonyeshi. Kule NBA mlinzi haruhusiwi kukaa ndani ya eneo la sekunde tatu, ule mstatili uliochorwa mbele ya ringi, zaidi ya sekunde tatu kama hamlindi mtu aliye karibu naye. Sisi tunacheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, na FIBA haina kitu kama hicho. Mlinzi wa shule pinzani anaweza kuegesha pale chini ya ringi tangu mwanzo wa robo hadi mwisho, asiulizwe. Kwa hiyo posti ya chini ya huku imejaa watu zaidi ya ile ya televisheni. Ukimweka kijana wako pale, mgongo kwa ringi, humpi nafasi ya Olajuwon. Unampeleka sokoni siku ya soko akiwa amefumba macho.

Mpandishe. Mpeleke kwenye elbo, ile kona ambapo mstari wa mitupo ya adhabu unakutana na mstari wa upande wa eneo. Upana wa eneo kwa FIBA ni mita 4.9, na mstari wa adhabu uko mita 4.6 kutoka usawa wa ubao, kwa hiyo mtu aliye kwenye elbo yuko karibu mita tano kutoka kwenye ringi. Hapo anaona kona zote mbili na mkato wowote. Mlinzi wake mrefu naye analazimika kutoka chini ya ringi kumfuata, na akikataa kutoka, kijana anarusha mita tano bila mkono usoni. Akitoka, chini kumebaki wazi kwa wakataji.

Asimame nusu hatua nje ya mistari. Mistari ya eneo ni sehemu ya eneo, na mguu ukigusa tu, refa anahesabu sekunde tatu. Nimewaona makocha wakimgombeza refa kwa hilo. Refa yuko sawa.

Kabla hujabadilisha mfumo wa timu nzima, mpime kijana kwa siku moja. Mpe pasi kumi kwenye elbo huku mtu akimsukuma kwa mto au kwa mkeka wa mazoezi uliokunjwa. Kila pasi itue mbali kidogo na kifua chake, juu, chini, kulia. Akishika nane, endelea. Akishika tano, tatizo lako ni mikono na litachukua miezi. Kisha mweke hapo akiwa na mpira, weka wenzake watatu: kona ya kulia, kona ya kushoto, na mmoja akikata kwenda ringi. Wewe simama nyuma yake. Mmoja tu ndiye anayeinua mkono, kila mara tofauti, na kijana ana sekunde mbili kumwona na kumpelekea mpira. Akikosea zaidi ya matatu kwa kumi, bado hajawa njia panda. Mwisho, mitupo ya adhabu: ishirini, akiwa amechoka baada ya mbio. Chini ya kumi, wapinzani watagundua haraka, na timu ikishafikisha makosa manne kwa robo, kila kosa linalofuata linamaanisha mitupo miwili. Mitupo miwili kwa mtu wa nusu kwa nusu ni pointi moja, ambayo si mbaya. Kwa mtu wa tatu kwa kumi ni 0.6, na hapo ni kama umewapa wapinzani zawadi.

Sasa pasi ya kuingiza. Mipira mingi hufia hapa, na lawama humwendea senta wakati mkosaji ni gadi. Senta asisubiri mpira akiwa amesimama elbo tangu mwanzo. Aanzie chini, karibu na ubao, amkanyagie mlinzi wake hatua mbili kuelekea ringi kana kwamba anataka mpira wa juu, halafu apande ghafla. Pasi itoke mkononi mwa gadi wakati senta bado anapanda, ili mkono na mpira vikutane. Atue kwa miguu miwili kwa pamoja. Akitua hivyo ana ruhusa ya kuchagua mguu wowote uwe wa egemeo. Akitua mmoja kwanza, amejifungia upande mmoja, na akiubadilisha ni kutembea na mpira.

Gadi naye asitoe pasi kutoka katikati kabisa ya uwanja. Kutoka pale mlinzi yuko kwenye mstari wa pasi na akiipata, mbele yake ni leyapu tupu, kikapu cha karibu na ringi bila wa kumzuia. Adunde kwanza kwenda upande, hadi awe sawa na mwisho wa mstari wa adhabu ukiurefusha kwenda nje, ndipo atoe. Ajifanye anapasi juu, mikono ya mlinzi ipande, kisha apitishe kando ya kiuno. Pasi ya kudundisha ni nzuri kwenye sakafu ya mbao. Kwenye simiti yenye vumbi ya viwanja vyetu vingi inateleza au inapanda vibaya, kwa hiyo mimi napendelea ya moja kwa moja, mkono wa mbali na mlinzi, usawa wa bega.

Wakati nao una mipaka. Mna sekunde 8 kuvuka nusu na 24 kwa shambulizi. Mpira uwe umefika elbo zikiwa zimesalia 16 au 17. Ukifika zikiwa zimesalia 8, hakuna cha kupitia tena, kuna kurusha tu. Mechi nyingi za shule hazina saa ya kuonekana ubavuni, kwa hiyo weka mchezaji wa benchi mwenye sauti ahesabu kwa nguvu. Na senta akishika mpira huku mlinzi amembana ndani ya mita moja, ana sekunde 5 kupasi, kurusha au kudunda. Sekunde mbili za kusoma zinamtosha.

Baada ya mpira kuingia ndipo mashambulizi yanaanza, na hapa sitakuwa na haraka.

Tuseme senta ameshika elbo ya kulia. Gadi aliyetoa pasi yuko nje upande huohuo. Fowadi mdogo yuko kona ya kulia, visigino nyuma ya mstari. Gadi wa pili yuko nje upande wa kushoto. Fowadi mkubwa, mrefu wako wa pili, yuko chini kushoto, karibu na mstari wa mwisho, hatua moja nje ya eneo, si ndani. Fahali wawili hawakai zizi moja: ukiwaweka warefu wako wawili ndani kwa wakati mmoja, umewaleta na walinzi wao wawili, na nafasi yote uliyoitafuta imekwisha.

Aliyetoa pasi haruhusiwi kusimama. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mara tu mpira ukimtoka, atazame mlinzi wake. Mlinzi akigeuza kichwa kufuata mpira, na karibu wote hugeuza, akate moja kwa moja kwenda ringi akipita mbele ya uso wa mlinzi. Senta ampe mpira wa chini, wa kudunda mara moja, mbele ya hatua zake. Mlinzi asipogeuka, gadi apite kwa nje akigusana bega na senta, achukue mpira mkononi mwake. Hapa senta amekuwa skrini, ukuta wa kumzuia mlinzi. Mlinzi akipita nyuma ya senta, gadi asimame na kurusha. Akimfuata gadi kwa mgongoni, gadi aendelee hadi ringi, na senta ageuke na kumfuata, mikono juu. Mlinzi akiruka mbele kuiba ule mpira wa kukabidhiwa, gadi abadilishe mwelekeo hatua moja kabla, aende kwa mlango wa nyuma, yaani akate nyuma ya mlinzi kwenda ringi.

Kuna kosa moja linalozimaliza timu hapa. Senta anapomkabidhi mwenzake, husukuma bega au nyonga kumzuia mlinzi. Refa hupuliza kosa la shambulizi, na kwa haki. Miguu ikishatulia, ibaki imetulia. Anayepita ndiye anayetafuta bega la senta.

Gadi akishakata na asipate mpira, asibaki chini ya ringi. Atoke kupitia upande wa pili hadi kona ya kushoto. Fowadi mdogo wa kona ya kulia apande kuchukua nafasi aliyoiacha. Sasa yeye ndiye mtu wa pili wa kukabidhiwa. Mzunguko huu unaweza kurudiwa mara mbili ndani ya shambulizi moja, na mara ya pili ndiyo hufungua, kwa sababu walinzi wa shule huwa wamefundishwa kuzuia mkato mmoja tu.

Macho ya senta yafuate mpangilio uleule kila mara, hadi yawe kama kusoma herufi: kwanza anayekata kwenda ringi, pili anayekuja kukabidhiwa, tatu kona ya mbali, mwisho yeye mwenyewe. Akiamua kwenda mwenyewe, ana ruhusa ya kudunda mara mbili, si zaidi. Mrefu anayedunda mara ya tatu ndani ya msitu wa magadi anadunda kwa ajili ya wapinzani. Mpira wake ukipanda unafika usawa wa mikono yao.

Kubanwa na wawili kutakuja tu. Kutakuja robo ya pili, kocha wa upande wa pili akishaona. Msifundishane kuogopa kubanwa huko. Wawili kwa mmoja ina maana watatu wamebaki kuwalinda wanne, na swali pekee ni mlinzi wa pili ametoka kwa nani. Akitoka kwa aliyetoa pasi, huyo yuko wazi hatua tatu mbele ya senta, arudishiwe palepale. Akitoka chini, kutoka kwa fowadi mkubwa, fowadi anaingia ringi na mpira unapita juu ya kichwa cha mlinzi. Akitoka mbali, upande wa kushoto, basi gadi wa pili au kona ya kushoto ndio walio wazi. Pasi hiyo ya mbali ni ya mita kumi hivi; iwe ya mikono miwili kutoka juu ya kichwa, kali, isiyo na upinde. Pasi ya kuelea angani hufika pamoja na mlinzi. Kwa timu za wasichana zinazotumia mpira saizi 6, na hata kwa wavulana wadogo, pasi hiyo ya mita kumi ni ngumu, basi igawanywe mara mbili: senta kwa gadi wa juu, gadi kwa kona. Itachelewa nusu sekunde lakini itafika.

Na mpira ukae kidevuni, viwiko nje. Mrefu anayeushusha kiunoni "apumue" amewaita magadi wote wa uwanja karamuni.

Itakuja pia siku ambayo mlinzi anamtangulia senta, anasimama kati yake na mpira. Magadi wadogo wengi hulazimisha pasi hapo. Wasilazimishe. Mpira uende kwa fowadi mkubwa, ambaye amepanda elbo ya upande wa pili, na senta aliyetanguliwa abaki chini, amfungie mlinzi huyo mgongoni kwa makalio na mkono mmoja juu. Sasa mlinzi yuko upande usiofaa wa mtu wake. Pasi ya juu, kuelekea kona ya ubao iliyo karibu na senta, si kwake. Ajifuatie mwenyewe.

Kwa zoni, ulinzi ambao kila mlinzi hulinda sehemu badala ya mtu, hasa ile ya wawili mbele na watatu nyuma ambayo shule nyingi hujifichia, elbo si mahali pazuri tena, panakaribiana mno na wale wawili wa mbele. Mweke katikati kabisa ya mstari wa adhabu, nyuma ya wawili na mbele ya watatu. Akishika hapo, ageuke mara moja aitazame ringi. Mlinzi wa kati akipanda, fowadi mkubwa aliye chini yuko peke yake. Asipopanda, ni mtupo wa mita nne na kidogo. Hiyo ni karibu yote mnayohitaji kwa zoni, mengine ni subira.

Kuna suala la viwanja vyetu, ambalo watu wa ushauri wa intaneti hawaligusi. Ukicheza Kisumu alasiri, upepo wa ziwa ukishaanza, mtupo wa pointi tatu wa uwanja wa wazi ni bahati nasibu. Mita 6.75 angani na upepo wa ubavu, hata mrushaji mzuri anapoteza. Nakuru nako upepo na vumbi vina siku zao. Ndiyo maana nasema huku kwetu hoja ya kupitia senta ina nguvu kuliko hata kule inakotoka: mkato na leyapu havijali upepo. Lakini basi usimwache mtu wako wa kona kule kwenye pointi tatu kama hana mtupo huo. Mlete mita nne kutoka ringi, pembeni, apate pembe ya ubao. Mtupo wa nyuzi 45 unaogonga ubao haupeperuki sana, na mlinzi wake bado analazimika kumfuata. Ukikuta uwanja wa zamani wenye eneo la umbo la ndoo, pana chini na jembamba juu, ule mchoro wa kabla ya 2010, uliza waamuzi mapema ni mistari ipi inatumika. Na mfike mapema mjaribu ringi zote mbili. Ringi iliyoinama mbele inarudisha mipira mifupi. Warefu wako wajue ribaundi itaangukia wapi.

Mtu akirusha, ni nani anayerudi nyuma? Senta anayecheza elbo yuko mbali na ribaundi kuliko aliye chini, huo ni ukweli na ni gharama. Gharama nyingine ni mbio za kurudi. Weka kanuni: senta, fowadi mkubwa na mkataji wa mwisho wanakwenda ribaundi, wawili waliobaki nje wanarudi kabla mpira haujagonga ringi. Mkipata ribaundi ya mashambulizi saa inarudi sekunde 14, zinatosha kabisa kuutoa mpira nje na kuanza upya kupitia elbo. Vijana huona aibu kuutoa. Waondolee aibu hiyo.

Je, ni lini usipitie kwake kabisa? Akianguka ule mtihani wa mikono na macho, basi. Majirani zetu Sudan Kusini wana warefu wa kila aina, lakini kwenye Kombe la Dunia la 2023 aliyeongoza mashindano yote kwa asisti alikuwa gadi wao Carlik Jones, zaidi ya 10 kwa mechi. Julai 2024 mjini London waliikosa Marekani kwa pointi moja, 101 kwa 100, wakiendeshwa na gadi. Khaman Maluach, mwenye zaidi ya futi saba, alikuwa timu hiyo akiwa na miaka 17, na kazi yake ilikuwa ringi: skrini, kushuka, ribaundi, kuzuia. Hakuna aliyemwambia aendeshe. Mrefu asiye na pasi ana kazi ya kutosha, na ni dhambi kumharibia jina kwa kumpa kazi isiyo yake. Nasema dhambi kwa makusudi. Tumewapoteza vijana wengi namna hiyo: anaitwa mzito, anaitwa mjinga, anaacha mpira kidato cha nne, na kumbe kocha ndiye aliyempa mtihani wa somo ambalo hakufundisha.

Kwa mazoezi, mwalimu, una saa kumi hadi saa kumi na moja unusu, na labda mipira minne. Inatosha. Dakika kumi za kupanda elbo na kutua miguu miwili, wachezaji wote, hata magadi. Dakika kumi na tano za jozi: senta na gadi mmoja, mlinzi mmoja tu, wasome mlango wa nyuma au kukabidhiana, mlinzi abadilishe bila kusema. Halafu dakika ishirini na tano za wanne kwa wanne bila kudunda hata mara moja, na kikapu hakihesabiwi kama mpira haukugusa elbo. Siku tatu za kwanza itakuwa fujo, watapiga kelele kwamba haiwezekani. Siku ya nne wataanza kukata, kwa sababu bila kudunda hakuna njia nyingine ya kwenda popote. Mwisho, senta apige mitupo kumi ya adhabu na arukaruke, tena kumi, kila siku, hata mvua ikitisha.

Mechi ijayo mpe mwanafunzi mmoja wa benchi daftari. Achore safu nne: elbo akafunga mwenyewe, elbo akapasi tukafunga, elbo tukakosa, elbo tukapoteza. Mistari tu, hakuna maelezo. Baada ya mashambulizi 20 zidisha vikapu kwa mbili, ongeza mitupo ya adhabu iliyoingia, gawa kwa 20. Ukiona 0.8 na zaidi, usiguse kitu. Ukiona 0.6, angalia safu ya mwisho kwanza. Karibu kila mara shida iko kwenye pasi ya kuingiza. Ukiona 0.4 tena, niandikie, na useme ni nani alikuwa amesimama.

Umeuliza pia, chini kabisa ya ujumbe, ufanyeje akipata makosa mawili robo ya kwanza. Mtoe. Anatoka kabisa kwa makosa 5 na bado kuna dakika thelathini. Fowadi mkubwa apande elbo achukue kazi yake. Ndiyo maana wote wamefanya mazoezi ya kutua miguu miwili. Kijana arudi mwanzo wa robo ya tatu, na kwa mashambulizi mawili ya kwanza asirushe kabisa, apasi tu, hadi walinzi waache kumrukia.